Mafuta ya Nyonyo na Kinywa cha Mkamwana Wangu

Kamwene, ndugu zangu. Mmeitikia vizuri, asanteni. Lakini kabla sijaanza, yule mama aliyenifuata na chupa pale mlangoni, naomba aiweke chini ya benchi na asinioneshe tena mpaka nimalize. Nimeshuka kwenye lori asubuhi hii. Mgongo unaniuma, vumbi la kutoka Mbeya mpaka hapa limejaa masikioni, hata maji ya kunawa sijapata, na tayari watu watatu wameniuliza: "Mzee, ndiye wewe wa mafuta ya nyonyo? Mtoto wa miaka miwili anapewa vijiko vingapi?" Vijiko vingapi! Nimesafiri siku mbili kuja kuwasimulia jambo hilo hilo, na watu wanataka kipimo kabla ya habari.

Hapewi. Hata kimoja. Sasa kaeni mnisikilize.

Mimi ni mkulima wa viazi na mahindi, kwangu ni Ilomba, pembeni ya mji wa Mbeya. Ni Mnyakyusa, na Kiswahili nimejifunza ukubwani kama wengi wenu, kwa hiyo nikiteleza mnivumilie. Nilikuwa mzee wa kanisa. Siku hizi nimeomba nikae benchi la watu wote kwanza. Mchungaji wenu ameniambia nisitaje jina la mtu, na sitataja. Lakini mkamwana wangu, mke wa mtoto wangu, ni binti wa hapa hapa Ilula, amekaa kule nyuma, na mjukuu wangu yuko mapajani mwake. Nimekuja kwa ajili ya mtoto yule. Nusura nimuue kwa mkono wangu, halafu nikakaribia kumpoteza mara ya pili kwa sababu nilifunga mdomo. Nitawaeleza yote mawili, na msinionee huruma katikati, maana sijafika kwa ajili ya huruma.

Ilianza hivi. Miaka miwili iliyopita, wakati wa kupanda viazi, tumbo langu lilifunga siku tano. Siku tano, ndugu zangu. Nilikuwa nainama shambani nikiugua, mke wangu akinicheka. Nikaenda zahanati ya misheni. Dresa wa pale, yule wa kufunga vidonda na kugawa dawa, kijana mpole tu, akanipa kijiko kimoja kidogo cha mafuta mazito yasiyo na rangi. Akasema, "Mzee, haya ni ya nyonyo, yanatoka kwenye mbegu za mbarika. Ni ya leo tu. Kijiko kimoja, basi." Nikanywa. Jioni ile ile nikawa mtu mpya. Nilitembea nyumbani nikiimba.

Sasa kosa langu mimi ni kwamba nikipata kitu kizuri sikiachi kikae mahali pake. Dresa alisema kijiko kimoja. Mimi nilisikia kijiko kimoja, lakini kichwani nikawaza: kama kijiko kimoja kimefanya hivi, vingi vitafanya nini? Na mbarika imeota yenyewe kwenye mpaka wa shamba langu, tangu enzi za baba yangu. Tulikuwa tunapaka mafuta yake kwenye ngozi na miguuni, na watoto walitunga zile mbegu zenye madoadoa wakavaa shingoni. Nikamuuliza mama mmoja mzee jirani, akanifundisha. Unaanika, unabangua, unakaanga, unatwanga, unachemsha kwenye maji muda mrefu, mafuta yanapanda juu, unaengua. Yale makapi akaniambia nifukie shimoni. Sikumuuliza kwa nini. Jirani mwingine aliyatupa yake nje ya ua, mbuzi wake akala, akafa kesho yake. Mimi nikasema, mbuzi ni mbuzi, hula hata kamba.

Mnacheka. Chekeni. Mimi sikucheka wakati ule, nilikuwa na chupa tatu zimejaa na nilijiona daktari.

Halafu ikaja Meza ya Bwana. Ninyi mnajua tunavyojiandaa: unapatana na uliyegombana naye, unaoga, unafua shuka lako jeupe. Mimi kama mzee wa kanisa nikakaa nikafikiri, tunasafisha roho, tunasafisha nguo, na tumbo je? Mtu anaendaje mbele za Mungu amebeba mabaki ya juzi? Nawaambia, wazo lile lilinipendeza mpaka sikulala vizuri. Jumamosi nikawapanga mke wangu na ndugu wa karibu mstari uwanjani, nikawapa kijiko mmoja mmoja. Mke wangu akanywa huku amenikazia macho. Nikawapa na majirani waliotaka. Nikaiita Jumamosi ya usafi.

Mafuta yale hayajui ratiba ya ibada. Jumapili ile, mchungaji alipofika katikati ya mahubiri, mtu wa kwanza akatoka. Akatoka wa pili. Mwimbaji mmoja akaacha wimbo njiani akaruka dirishani, kwa sababu mlangoni palikuwa na foleni. Mchungaji akadhani watu wameguswa na neno, akaongeza sauti. Na mimi, badala ya kuona aibu, nikafurahi. Nikasema, ona uchafu uliokuwamo ndani ya watu hawa! Basi ikawa si kwa Meza ya Bwana tu. Ikawa kila Jumamosi.

Mke wangu alinikanya tangu mwanzo. "Wewe mzee, tumbo si sufuria," alisema, "huwezi kulisugua kila wiki." Nikamwambia anyamaze, hajui dawa. Baada ya miezi michache tumbo langu mwenyewe likagoma. Bila mafuta halifanyi kazi. Nikinywa, linanikata mpaka nashika mti. Nikakonda, suruali nikafunga kwa kamba, miguu ikalegea nikipanda kilima. Mtu mwenye akili angesema mafuta haya yananimaliza. Mimi nilisema uchafu bado upo, ongeza. Mpaka leo nikikumbuka nataka kujipiga kofi.

Sasa niwaeleze nyumba yetu ilivyokuwa, ili mwelewe lililofuata. Ninyi Wahehe mna adabu zenu kwa wakwe, sisi tunazo zetu na ni kali. Kwetu mke wa mwanao hakutazami usoni. Hasemi nawe. Hakai mahali ulipo. Akikuona njiani anaacha njia, anaingia majanini mpaka upite. Akiwa na neno kwako, anamwambia mama mkwe wake, naye anakuletea. Mwanangu alimleta huyu binti wenu, akakaa naye mwaka mmoja, akaenda migodini huko Kusini, na hajarudi. Binti hakujua desturi zetu wala lugha yetu. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa ajili yake. Mke wangu akamfundisha kujitenga nami, na akashika kuliko wasichana wetu waliozaliwa humo. Miaka miwili na nusu, ndugu zangu, sikuwahi kuuona uso wake. Nilijua kisigino chake na mgongo wake.

Mtoto alipozaliwa, tulitandika mkeka katikati ya uwanja, kati ya nyumba yangu na yao. Mkamwana anamlaza mtoto pale, anaondoka. Mimi nakuja, namchukua, nacheza naye. Nikichoka namrudisha mkekani, nakohoa, nakwenda zangu, mama yake anakuja kumchukua. Mtoto yule alikua akijua kwamba dunia ina babu upande huu na mama upande ule, na katikati mkeka. Nilimpenda, na nampenda. Ndiye mjukuu wangu wa kwanza, na alipoanza kutambaa alikuja upande wangu kwanza.

Mwaka jana wakati wa mvua mke wangu alipata habari ya msiba kwa ndugu zake, huko chini Tukuyu. Akaenda. Nyumbani tukabaki mimi, mkamwana, na mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili. Alhamisi mtoto akaanza kuharisha. Nilimchukua mkekani nikakuta nepi imelowa, maji matupu. Ninyi wazazi hapa mngefanya nini? Najua mngefanya nini, nusu yenu mngefanya kama mimi, ndiyo maana nasema kwa hasira. Nilifikiri hivi: anaharisha, maana yake uchafu unataka kutoka. Ukitaka kutoka, tuusaidie. Nikachukua chupa, nikatia kijiko, nikachanganya na asali kidogo ili asiteme. Akameza, akanitazama. Nikamrudisha mkekani nikakohoa.

Jioni mtoto alizidi. Nikasikia mkamwana akitembea kule nyuma ya nyumba, akisema na kuku wetu mwekundu. Kwa sauti, nisikie. "Wewe kuku," alisema, "mtoto akiharisha hapewi mafuta. Kule kwetu zahanati nimefagia miaka minne, nimemsikia nesi akiwaambia kina mama kila siku. Tumbo la mtoto huyu halina uchafu, lina kiu. Mafuta yanamtoa maji yaliyobaki. Sikia, kuku."

Nilisikia. Msidhani sikusikia. Kuku naye alisikia, na nadhani alielewa kunizidi. Mimi niliona nimedharauliwa. Nilisema moyoni, huyu amekuja juzi tu, ananifundisha dawa kupitia kuku? Angemwambia mke wangu, lakini mke wangu hayupo. Nilijua hana njia nyingine. Nilijua, na bado nikaamua kukasirika, maana kukasirika ni rahisi kuliko kufikiri. Asubuhi ya Ijumaa nikakuta kijiko changu hakipo mahali pake. Nikajua nani amekificha. Nikamimina mafuta kwenye kifuniko cha chupa nikampa mtoto tena.

Sasa hapo, ndugu zangu, ndipo ninapochoka na nafsi yangu. Mtoto hakutema. Hakuwa na nguvu za kutema. Alilia na machozi hayakutoka. Macho yalikuwa yameingia ndani, na utosi, ule upenyo wa kichwani ambao haujafunga, ulikuwa umebonyea kama mahali mtu amegusa unga kwa kidole. Nikamlaza mkekani. Nikajaza kifuniko mara ya pili. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Utapona, mama yangu, utapona."

Nikaona miguu. Miguu ya mkamwana, imesimama juu ya mkeka, upande wangu. Nikainua macho. Alikuwa ananitazama usoni. Akaninyang'anya chupa mkononi, akaitupa kwenye migomba, akasema, "Baba, unamuua mwanangu."

Maneno matatu. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake ikinijia moja kwa moja. Nikaona ana kovu dogo juu ya nyusi, na anaogopa sana. Ananiogopa mimi. Na bado amesimama. Akamfunga mtoto mgongoni akashika njia ya zahanati. Mimi nikabaki nimeshika kifuniko, mafuta yananitiririka kwenye vidole. Halafu nikamfuata.

Njiani watu walituona. Mkamwana mbele, baba mkwe nyuma anahema, suruali anaishika kwa mkono. Kwetu hiyo ni aibu ya kusimuliwa miaka. Mama mmoja aliyekuwa analima alitupa jembe akajifunika uso kwa niaba yetu. Tulipofika kijito maji yalikuwa mengi kwa sababu ya mvua. Mkamwana akasimama. Akamfungua mtoto, akageuka, akanipa. Mkono kwa mkono. Hapakuwa na mkeka. Nikavuka na mtoto kifuani, mwili wake mwepesi, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Nikamrudishia ng'ambo.

Zahanati alikuwapo dresa yule yule. Akamtazama mtoto mara moja tu, akaita maji. Kisha akamgeukia mama. "Umempa nini huyu nyumbani?"

Mkamwana akainamisha uso. Mimi nilikuwa nimesimama pale, hivyo amerudi kwenye adabu yake, hawezi kusema mbele yangu. Dresa akauliza tena. Akaanza kumgombeza. "Ninyi kina mama! Mnamnywesha mtoto mizizi na mafuta halafu mnatuletea maiti! Sema, umempa nini?" Na yule binti akapokea. Alikuwa tayari kupokea yote.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli kwa sababu nimekuja kusema ukweli. Nilikaa kimya. Kwa pumzi tatu hivi nilikaa kimya na nikaona jinsi ambavyo ningeweza kuendelea. Hakuna ambaye angejua. Mimi ni mzee wa kanisa, yeye ni msichana mgeni. Kisha mtoto akatoa sauti, sauti ndogo, hata si kilio, nikasema, "Ni mimi. Mama yake alikataa. Mimi ndiye niliyempa mafuta ya nyonyo. Jana na leo."

Dresa alinitazama mpaka nikatamani sakafu inimeze. "Mzee," akasema, "nilikupa kijiko kimoja. Wewe, mtu mzima, tumbo limefunga. Kimoja! Nani alikwambia umpe mtoto? Mtoto anayeharisha tayari mlango uko wazi, wewe umeenda kuuvunja kabisa." Akaendelea hivyo huku mikono yake inafanya kazi. Akamchoma sindano ya maji pajani, chini ya ngozi. Akachemsha maji, akatia sukari na chembe ya chumvi, akampa mkamwana kikombe na kijiko. Akasema, "Kidogo kidogo. Akitapika, ngoja kidogo, anza tena. Usiache." Kisha akaniangalia, akanipa kijiko na mimi. "Akichoka yeye, wewe unaendelea. Kijiko hiki angalau utakijua."

Tuliendelea mpaka Jumamosi saa nane mchana. Jumamosi ya usafi, mnaona? Yeye kijiko, mimi kijiko. Mtoto alikuwa mapajani mwangu nilipohisi joto kwenye koti langu. Koti langu la kanisani, la pekee. Lilikuwa limelowa mkojo. Dresa akapiga makofi, akasema, "Haya, amerudi." Nililia pale mbele za watu. Sijawahi kufurahia kitu kama kulowa kule, na koti lile sijalifua vizuri mpaka leo, mke wangu analalamika.

Mngefikiri habari imeisha hapo. Na mimi nilifikiri. Jumatatu wazee wa ukoo wakaja. Hawakuuliza mtoto hajambo. Wakasema mkamwana amemtazama baba mkwe machoni, amemnyang'anya kitu mkononi, amemtangulia njiani. Ameitia nyumba aibu. Arudi kwao Ilula mpaka baba yake alete ng'ombe wa kusafisha. Walisema taratibu, wamekaa vizuri, wameletewa pombe ya kawaida na maji. Na mimi nilikuwa nimekaa pale. Nilijua kila kitu. Neno moja tu lingetosha, neno lile lile nililolisema zahanati. Sikulisema. Nilitikisa kichwa kukubali.

Alifunga mzigo wake asubuhi, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kusubiri lori. Mtoto alinyoosha mkono upande wa mkeka. Mke wangu alikuwa amesharudi kutoka msibani, akasimama mbele yangu mlangoni. Akasema, "Kinywa chako kilikuwa wazi kwa mafuta mwaka mzima. Leo ndiyo kimefungwa?" Akaingia ndani. Hakunipikia siku mbili, na sikudai.

Miezi mitatu nimekaa na mkeka mtupu. Tumbo langu lilichukua wiki nyingi kujifunza kazi yake tena bila mafuta, kwa maharage na mboga za majani na maji mengi, kama dresa alivyoniambia, na nilistahili kila siku ya taabu ile. Wakati huo watu hawakuacha kuja. Wanasikia nilivyomponza mjukuu, wanatikisa vichwa, wanasema pole, kisha wanauliza, "Sasa mzee, yale yaliyobaki unaweza kunigawia?" Mnaona ninavyochoka? Mama mjamzito alitaka anywe uchungu uje haraka. Mtu mwenye tumbo linalouma upande mmoja kama kisu alitaka anywe lipoe. Wote hao nimewafukuza waende zahanati, na wengine wamenichukia.

Basi nisikilizeni vizuri, kisha msiniulize tena. Sijasema mafuta ya nyonyo ni mabaya. Yapake kwenye magaga ya miguu, yanalainisha. Yapake kwenye ngozi iliyokauka na baridi yetu, yanafaa. Mtu mzima aliyefungwa tumbo, amempata dresa akapimwa, akaambiwa kijiko kimoja, anywe kijiko kimoja, na aache. Ukinywa kila wiki tumbo linasahau kazi yake. Mwenye mimba asiguse. Mwenye tumbo linalomkata asiguse mpaka ajulikane ana nini. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, na maji, na maji. Na zile mbegu zenyewe, zenye madoadoa mazuri, watoto wasitungiwe shingoni tena. Wakizitafuna zinaua. Makapi yake yaliyomuua mbuzi yanamuua na mtu. Nimesema.

Na shukrani zangu. Namshukuru dresa aliyenigombeza, maana heshima ingemzuia. Namshukuru mke wangu ambaye hakunipikia. Namshukuru yule nesi wa zahanati ya huku, ambaye alikuwa akiwafundisha kina mama bila kujua kwamba msichana mwenye ufagio anasikia. Na ninyi watu wa Ilula, ndaga fijo, asanteni sana, mlimlea mtoto wa kike anayejua kitu na akakisema. Baba yake yuko hapa, ameketi pale karibu na dirisha. Mzee mwenzangu, ng'ombe waliyekudai sitampokea. Mimi ndiye mwenye deni la adabu, na nimekuja kuomba.

Nilichojifunza ni hiki. Nyumbani kwangu alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua dawa ile, na ndiye mtu pekee tuliyemkataza kusema. Tuliiita hali hiyo heshima. Heshima gani inayomfanya mtu aongee na kuku wakati mtoto anakufa? Wazee wangu wameniletea neno: nikirudi naye, wasinione. Basi wasinione. Nyumba yangu ina mlango wa kutosha watu wanne.

Mkamwana. Naona umenipa mgongo hata hapa kanisani, na watu wote wanakuona. Umefunzwa vizuri, na sisi ndio tuliokufunza. Mimi baba yako mkwe nasema mbele ya mchungaji, mbele ya baba yako, mbele ya huyu mama mwenye chupa: geuka. Mke wangu amenituma niseme hivyo hivyo, amesema nisirudi bila kusema.

Mnaona, amegeuka. Hilo kovu nililowaambia.

Mtoto amenijua, anajinyonganyonga, anataka kushuka aje. Hapana, mwanangu, usimweke chini. Ule mkeka nimeuacha Ilomba, kuku mwekundu ndiye anayetagia juu yake. Simama, pita hapa katikati ya mabenchi. Usiogope. Mlete mwenyewe, mkononi.